Njia Aliyoihamisha Lorna

Lorna Haugen aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na ndiyo maana mpaka leo nusu ya watu wa kaunti yetu hukaa wima akiwatupia jicho. Mimi sikupanda basi lake. Nilihamia Illinois nikiwa mtu mzima, na mume na watoto wawili, lakini nimekaa naye ua kwa ua miaka kumi na tisa na mimi pia hukaa wima. Si mwanamke wa kutisha kwa umbo. Ni mwembamba, mvi zake anazikata mwenyewe jikoni, na sauti hapandishi. Anasema neno moja, nawe unajikuta umeshatii kabla hujajua umeambiwa nini.

Yeye na mumewe Merle ndio walioirudisha mbuga iliyo nyuma ya nyumba zetu. Zamani zilikuwa ekari themanini za mahindi, shamba la baba yake Merle na la babu yake. Mwaka mmoja Merle akaamua kwamba mahindi basi. Wakaanza kuokota mbegu za nyasi za asili pale zilipobaki, yaani makaburini na kandokando ya reli, mahali ambapo jembe halikuwahi kufika. Lorna alikuwa akishamshusha mtoto wa mwisho anasimamisha basi tupu karibu na reli, anachuma mbegu na kuzitia kwenye mifuko ya mkate. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Walisema Haugen amerukwa na akili, watu wanaua magugu yeye anayapanda. Leo hao hao huja Jumapili na wajukuu zao kutembea humo, na husimulia kana kwamba wazo lilikuwa lao.

Njia ya kutembelea ni moja tu, mzunguko, upana wa hatua mbili, imekatwa kwa mashine katikati ya nyasi. Ukiingia langoni na kufuata njia, dakika arobaini baadaye unatokea langoni. Sheria nayo ni moja, usitoke njiani. Nimemwona Lorna akimrudisha njiani mchungaji wa kanisa lake mwenyewe, aliyetoka hatua tatu tu kupiga picha ya kipepeo. Mchungaji akaomba radhi.

Sasa nije kwa Merle, maana habari hii ni yake pia.

Merle alianza kusahau miaka mitatu iliyopita. Kwanza majina, kisha siku, kisha ikawa anamwaga kahawa kwenye bakuli la sukari. Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na Lorna aliyaficha. Mtu akimuuliza Merle swali, Lorna anajibu yeye. Mimi nilijua kwa sababu ukuta wa jirani hauna siri. Daktari aliwaambia jambo moja ambalo Lorna alilishika kama dawa: aacheni miguu yake itembee njia anayoijua, kila siku, saa ile ile. Kichwa kinaweza kusahau kitu ambacho miguu bado inakikumbuka. Basi kila siku saa tatu asubuhi Merle alivaa kofia yake ya kampuni ya mbegu, akaingia langoni peke yake, na saa tatu na dakika arobaini akatoka. Hilo ndilo jambo pekee lililobaki ambalo alilifanya bila kushikwa mkono. Nalo Lorna alilichungulia kila siku kutoka dirisha la jikoni, roho juu, mpaka aione ile kofia.

Halafu okidi zikaota.

Ni ua jeupe, lina nyuzinyuzi kama ncha za shali, na siku hizi ni adimu mno, serikali yenyewe inalilinda. Lorna alikuwa amelisubiri miaka ishirini na sita. Lilichipuka kwenye bonde la upande wa kaskazini, mashina kumi na moja, mengine kando ya njia na mawili katikati ya njia yenyewe. Alinipeleka kuyaona akanikataza nisipumue kwa nguvu. Alikuwa analia, na Lorna si mtu wa kulia. Kamati ya hifadhi inayoisimamia mbuga ilikutana, ikasema njia ihamishwe, ipite juu ya kilima mbali na bonde. Lorna akakubali. Nami nilikuwepo, nikaona jinsi alivyokubali haraka, na nikajua kwamba wakati ule hakumfikiria Merle hata kidogo. Alimfikiria baadaye, tulipokuwa tunarudi nyumbani, akasimama ghafla barabarani.

Alijitahidi, siwezi kumsingizia. Mwezi Mei alikata njia mpya, akaiacha ya zamani iote nyasi, na mahali pa kuingilia bondeni akafunga kamba ya njano kati ya vigingi viwili. Kisha wiki sita mfululizo alimtembeza Merle njia mpya, mkono kwa mkono, kama mtu anayemfundisha ndama kamba. Wiki ya saba akamwachia. Merle akaenda, akarudi. Siku ya pili akaenda, akarudi. Siku kumi na mbili Lorna alihesabu, na ya kumi na mbili aliniambia, "Unaona? Imeingia miguuni." Nikamwambia naona. Moyoni nilisema miguu ya mzee ina ukaidi wake, lakini nani wa kumwambia Lorna hivyo?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi katikati ya Julai, joto la kukausha mate. Mimi na Lorna tulikuwa upande wa mashariki tunang'oa magugu ya maua ya njano, kazi yetu ya kila Jumamosi. Merle aliingia langoni saa tatu. Tulimwona akipita, akatupungia mkono. Saa tatu na nusu Lorna alianza kutazama saa. Ilipofika arobaini akanyoosha mgongo. Ilipofika hamsini akaangusha gugu alilokuwa ameshika na kuanza kutembea, na mimi nikamfuata.

Tuliuzunguka mzunguko wote tukiita. Merle ni mzito wa masikio, na vifaa vyake vya masikio tulikuja kuvikuta kwenye kikombe juu ya meza ya jikoni. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Tulipofika kwenye kamba ya njano tukaikuta imefungwa vizuri, imekaza. Lorna akasimama kwenye vidole vya miguu, akatazama bondeni. Nyasi tupu, na kule chini vitone vyeupe vya maua. Akasema, "Hajapita hapa." Tukaendelea. Hatukuvuka kamba. Naandika hili waziwazi kwa sababu linanikera mpaka leo: tulitazama kutoka kwenye kamba, basi.

Mbuga yetu imezungukwa na mahindi pande tatu. Mtu asiyeyajua mahindi ya huku atadhani nasema bustani. Ni maelfu ya ekari, mistari yote sawa, na katikati ya Julai yamempita mtu kimo. Ndani yake hakuna upepo. Majani yanakata mikono, na ukishageuka mara mbili hujui ulikotoka. Mzee mmoja wa kaunti jirani aliingia kumtafuta mbwa wake akatolewa siku ya tatu, na hakuwa hai. Kila mtu hapa anakijua kisa hicho. Kwa hiyo Lorna alipopiga simu, na watu wakaja na malori yao, wanaume ishirini na kitu wenye kofia kama ya Merle, hakuna aliyeuliza tuanzie wapi. Wote waliyatazama mahindi.

Askari wa kaunti aliyekuja anaitwa Brent Oltmans, jitu la futi sita, na alipanda basi la Lorna tangu darasa la kwanza. Alikuwa na ramani ya mbuga mkononi. Akaipanga kazi vizuri, mistari hii kwa hawa, ile kwa wale, mbwa wa kunusa wameagizwa watafika baada ya saa mbili. Kisha akaweka kidole juu ya bonde.

"Na hapa penye kamba, Bi Lorna? Niwape watu wanne wapapite?"

"Hapo nimeshapaangalia, Brent."

"Umeingia ndani kabisa?"

"Nimekwambia nimeshapaangalia. Pana mimea pale, miguu minane itaimaliza yote."

"Sawa, Bi Lorna," akasema Brent, na kidole kikaondoka kwenye ramani.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua hajaingia. Yeye alijua kwamba najua, maana hakunitazama. Nami nikanyamaza. Nilijiambia kamba imefungwa, kweli hajapita, Lorna anaijua mbuga yake kuliko mimi. Ukitaka kunyamaza, sababu hazikosekani.

Sitasimulia mahindini kulivyokuwa. Tuliingia tukaita, tukatoka tukanywa maji, tukaingia tena. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kila mtu alipotoka kwenye mistari Lorna alimtazama usoni, kisha mikononi, kama anayetegemea kuona kofia. Hakukaa chini hata mara moja. Watu walimwambia apumzike kivulini, akabaki juani. Ikagonga saa sita kamili. Nilipiga hesabu: mzee wa miaka sabini na nane, bila maji, bila kivuli, kwa muda wa saa tatu. Nikamwona Brent anakwenda pembeni kuzungumza kwenye simu kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya askari haina heri.

Nilishindwa. Nikamfuata Lorna alipokuwa amesimama, nikamwambia polepole, "Lorna, pale bondeni hatukuingia."

"Kamba ilikuwa imefungwa."

"Najua. Lakini hatukuingia."

Nilidhani atanifokea. Badala yake aliondoka akielekea upande wa kaskazini kwa mwendo wa mtu anayekimbia lakini anaona haya kukimbia. Nilimkuta kwenye kamba. Alikuwa ameishika mikono miwili, anatazama fundo. Nikatazama na mimi sikuona kitu, fundo ni fundo. Lakini Lorna hufunga kamba kama kamba ya kiatu, kitanzi mara mbili, ili aifungue haraka. Fundo lile lilikuwa jingine, limezungushwa na kuchomekwa chini, fundo la kufungia marobota ya majani makavu.

"Hili lake," akasema. "Amefungua, amepita, amefunga tena."

Bila shaka amefunga tena. Mkulima wa huku akipita kwenye lango lolote hulifunga nyuma yake, hata nyumba iwe inaungua. Wanafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali, ili ng'ombe wasitoke. Merle hajafuga ng'ombe miaka arobaini. Amesahau jina la binti yake, lakini lango hakuliacha wazi. Na sisi wawili tuliiona kamba imekaza tukapata imani.

Lorna hakuifungua. Aliikata kwa kisu cha magugu, akaingia. Nilimwona akizivuka nyasi moja kwa moja, hatazami anakokanyaga, yeye aliyemrudisha mchungaji. Nikamwita Brent kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kisha nikaingia nyuma yake.

Merle alikuwa chini kabisa bondeni, amekaa kwenye njia ya zamani. Njia hiyo ni yeye tu aliyekuwa anaiona. Kwetu sisi palikuwa na nyasi kama kwingine, fupi kidogo, za magotini. Alikuwa ameweka kofia juu ya goti. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu, midomo imepasuka, na okidi ya karibu ilikuwa mbele ya kiatu chake, haina hata kovu. Nilidhani amekufa akiwa amekaa. Kisha akageuza shingo.

"Umechelewa kukata nyasi mwaka huu, mama," akamwambia Lorna.

Lorna akapiga magoti. Alimshika uso, alimshika mikono, akampaka maji ya chupa midomoni kwa kidole. Akasema, "Nimechelewa, Merle."

"Nimefika hapa nikaona njia imekwisha." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Nikasema nikae. Nisije nikakanyaga vitu vyako."

Muda wa saa tatu na ushee, jua la Julai, na lango liko hatua mia mbili. Alikuwa anatusikia? Sidhani, bila vifaa vyake. Lakini hata angetusikia, nadhani angeendelea kukaa, kwa sababu alikuwa amekatazwa kutoka njiani na yeye alikuwa njiani. Mimi ndipo nilipolia. Lorna hakulia, alikuwa anamfunika kwa kivuli cha mwili wake.

Brent na wenzake walipofika kwenye vigingi wakasimama wote, wanaume ishirini, kana kwamba kamba bado ipo. Lorna akawapigia kelele wapite popote, wakanyage chochote. Wakaingia. Lakini waliingia mmoja nyuma ya mwingine, mguu juu ya alama ya mguu, mpaka chini, wakambeba Merle mikononi na kurudi hivyo hivyo. Hawakuvunja ua hata moja. Nilimwona Lorna akiliona hilo, na uso wake ukawa mgumu kuutazama.

Nje, kabla gari la wagonjwa halijafunga mlango, alimwendea Brent mbele ya watu wote. Alimwambia, "Nilikudanganya. Sikuwa nimepaangalia." Brent alitazama viatu vyake. Alisema ni sawa, Bi Lorna. Naye akasema si sawa, na usiniambie ni sawa. Akapanda garini.

Merle alilazwa siku nne. Figo zilikuwa zimeguswa, lakini akapona, kadiri anavyoweza kupona. Siku ya kumtoa hospitali, asubuhi mapema, nikasikia mashine ya nyasi. Nilivaa kandambili nikaenda. Lorna alikuwa anakata njia ya zamani, upana wa hatua mbili, tangu kwenye vigingi. Alipofika chini bondeni akazima mashine. Yale mashina mawili yalikuwa yamesimama katikati, yamechanua yote. Nilimwambia anaweza kuyakwepa, apinde kidogo. Akanijibu kwamba miguu ya Merle haijui kupinda. Barua ya kamati alikuwa ameshaituma, ameeleza atakachofanya na kwa nini, na wao waamue wanavyotaka. Kisha akawasha mashine na kupita.

Kesho yake saa tatu Merle akavaa kofia. Lorna alimwacha atangulie, akamfuata hatua thelathini nyuma, na mimi nikamfuata Lorna kwa sababu aliniomba. Hofu haijamtoka tangu siku ile. Kofia ikizama tu nyuma ya nyasi kwenye kona, alikuwa ananishika mkono kwa nguvu mpaka itokeze tena. Kule mbele miguu ilishuka bondeni yenyewe, haikusita hata kidogo.

Chini bondeni Merle akasimama. Akainama kwa shida, akaokota kitu, akageuka akatuona. Mkononi alikuwa na mashina mawili yaliyonyauka. Alikuwa amekasirika, na sikuwa nimemwona akikasirika miaka mitatu.

"Mama, njoo uone. Kuna mtu amekata maua yako."

Lorna akamfikia. "Ni mimi, Merle."

Alimtazama mkewe muda mrefu, kama mtu anayesoma jina juu ya bahasha. Kisha akatikisa kichwa, akayaweka yale mashina kwenye kiganja cha Lorna na kumfumba vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Siyo wewe," akasema. "Wewe huwezi. Nakujua."